Nchi Jirani: Akiba Haiozi, Ila Iliyowekwa Mbichi

Mnamo tarehe 5 Machi 2021 mamlaka inayosimamia kilimo na chakula nchini Kenya ilitoa barua fupi iliyotikisa soko la nafaka katika Afrika Mashariki. Barua hiyo ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kwa maelezo kwamba vipimo vilikuwa vimeonyesha mahindi hayo kuwa na sumukuvu kupita kiwango kilicho salama kwa mlaji. Malori yaliyosheheni magunia yakasimama mpakani. Madereva wakalala chini ya turubai zao, wafanyabiashara wakahesabu hasara ya kila siku, na wakulima waliokuwa wakingoja malipo wakabaki wanauliza kosa lao ni lipi.

Siku 5 baadaye, yaani tarehe 10 Machi 2021, Kenya iliondoa zuio hilo na badala yake ikaweka masharti. Waingizaji wa mahindi wakatakiwa kujiandikisha. Kila shehena ikatakiwa kuwa na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu ndani yake haizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja, pamoja na hati inayoonyesha mahali mahindi yalikotoka. Malori yakaanza tena kutembea, na magazeti yakageukia mambo mengine.

Katika pande zote za mpaka wako watu walioliona jambo hilo kuwa ni ugomvi wa kibiashara tu, na wako waliolipa sura ya siasa. Mawazo hayo hayakukosa wasikilizaji. Hata hivyo, chini ya ugomvi wowote wa namna hiyo kuna jambo moja lisilojali bendera wala mpaka, nalo ni maji yaliyofichika ndani ya punje. Maji hayo hayaonekani kwa macho, lakini hupimika. Anayeyapima huweka akiba yake salama, na asiyeyapima huweka ghalani kitu ambacho hakijui. Jambo hili linawahusu askari wa jeshi na wa polisi kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa askari hula chakula cha ghala, hulinda ghala, na husimama kwenye mpaka ambapo chakula hicho hupita.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba Kenya ilikuwa na sababu ya kuogopa. Kati ya mwezi wa Machi na Juni 1981, wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali za wilaya ya Machakos wakiwa na ugonjwa mkali wa ini, na 12 kati yao wakafariki. Mahindi ya familia moja iliyopatwa na msiba huo yalipopimwa yalikutwa na sumukuvu ya kiasi cha sehemu 12,000 katika kila bilioni, yaani mara 1,200 ya kiwango kilichotajwa mpakani mwaka 2021.

Miaka 23 baadaye msiba ukarudi kwa ukubwa zaidi. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu walianza kufika hospitalini macho yakiwa ya manjano na matumbo yamevimba. Hadi mwezi wa Julai mwaka huo wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Wachunguzi walichukua sampuli za mahindi na unga katika masoko ya maeneo hayo, wakakuta kwamba sampuli 55 katika kila 100 zilikuwa na sumu kupita kiwango cha sehemu 20 kilichotumika Kenya wakati ule, na sampuli 7 katika kila 100 zilipita hata sehemu 1,000. Mvua zilikuwa zimenyesha nje ya majira, wakati wa mavuno. Watu waliokuwa na njaa, na wenye hofu ya kuibiwa, waliyaingiza mahindi yakiwa mabichi ndani ya nyumba walimolala badala ya kuyaacha yakauke katika ghala lenye hewa. Uchunguzi ulionyesha kwamba waliohifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba ndio waliopatwa zaidi.

Wala Tanzania haikusalimika. Mwaka 2016 ugonjwa wa namna hiyo hiyo ulizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wagonjwa 68 walihesabiwa, na watu 20 wakapoteza maisha. Kwa hiyo jirani anapouliza juu ya mahindi, jibu lenye heshima si hasira. Jibu lenye heshima ni kipimo.

Sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini, hutengenezwa na kuvu wanaoishi udongoni na katika mabaki ya mimea, hasa yule aitwaye Aspergillus flavus. Chembe za kuvu hao hupeperuka hewani na kutua juu ya kila kitu, na hakuna shamba lisilo nazo. Lakini kuvu, kama kiumbe chochote, huhitaji maji ili wakue. Punje iliyokauka vizuri huwanyima maji, nao hulala kama mbegu jangwani. Punje iliyobaki na unyevu huwafungulia mlango. Unyevu wa mahindi ukizidi kiasi cha sehemu 14 au 15 katika 100, na hali ya hewa ikiwa ya joto, kuvu huamka na kuanza kazi yao.

Zaidi ya hayo, punje yenyewe ni kitu hai. Punje mbichi hupumua kwa nguvu, na katika kupumua hutoa joto na mvuke. Magunia yaliyopangwa kwa kubanana hulihifadhi joto hilo, na wadudu huongeza lao. Mchana bati la ghala hupata moto, na usiku hupoa, mvuke ukagota chini ya bati na kudondoka tena juu ya magunia. Ndiyo sababu mlinzi wa ghala aweza kuona magunia ya juu yamelowa ilhali mvua haikunyesha wala paa halivuji. Maji hayo yametoka ndani ya mahindi yenyewe.

Baya zaidi ni kwamba sumu hiyo haina ladha wala rangi inayotosha kumwonya mlaji, na moto wa jikoni hauimalizi. Ugali uliosongwa ukaiva vizuri waweza kubaki na sumu ile ile. Kuyaanika mahindi baada ya kuvu kuota huzuia sumu isiongezeke, lakini hakuiondoi ile iliyokwisha kutengenezwa. Ndiyo maana kazi yote hutegemea siku na wiki za kwanza baada ya kuvuna, na kazi hiyo huanza kwa swali moja: mahindi haya yana maji kiasi gani?

Kitu chochote kilichotokana na mmea au mnyama, kiwe nafaka, majani, pumba, nyama au samadi, ni mchanganyiko wa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni maji. Sehemu ya pili ni yote yanayobaki maji yakiondoka, yaani wanga, protini, mafuta, nyuzinyuzi na madini. Sehemu hii ya pili huitwa maada kavu. Chakula chenyewe kimo katika maada kavu, ilhali maji huongeza uzito tu. Anayenunua nafaka, anayelisha ng'ombe na anayegawa posho, wote hununua, hulisha na hugawa maada kavu, wajue wasijue.

Njia kuu ya kuipima ni ya zamani, nayo ni nyepesi kuielewa. Mpimaji huchukua kopo safi na kavu, akalipima kwa mizani iliyo sahihi. Tuseme kopo lina gramu 50. Hutia ndani yake mahindi yaliyosagwa, akapima tena, na mizani ikasoma gramu 250. Basi sampuli ina gramu 200. Kopo huwekwa katika tanuri la maabara lenye joto linalotawaliwa. Kwa vyakula vya mifugo na majani hutumika aghalabu joto la nyuzi 105 za Selsiasi, na kwa nafaka iliyosagwa hutumika joto la nyuzi 130 hivi kwa saa chache. Muda ukitimia kopo hutolewa, hupozwa ndani ya chombo kilichofungwa chenye kemikali inayofyonza unyevu, kisha hupimwa tena. Tuseme sasa mizani inasoma gramu 214. Maada kavu ni gramu 164, na maji yaliyotoka ni gramu 36. Katika kila 100, mahindi hayo yana maada kavu 82 na unyevu 18.

Kila hatua ya kazi hiyo ina sababu yake. Mahindi husagwa kwa kuwa maji yaliyo katikati ya punje nzima hutoka kwa shida. Kopo hupozwa kwanza kwa kuwa kitu cha moto huitikisa hewa juu ya mizani na kuleta jibu la uongo. Hupozwa ndani ya chombo kilichofungwa kwa kuwa unga mkavu huvuta unyevu wa hewa mara moja, kama chumvi ivutavyo pwani. Joto nalo lina mpaka wake. Likipungua, maji hubaki. Likizidi, unga huungua, na mpimaji huhesabu moshi kuwa ni maji. Katika majani yaliyosindikwa kwa ajili ya ng'ombe, yaitwayo sileji, kuna asidi na vileo vinavyoruka pamoja na mvuke. Kwa hiyo sileji hukaushwa kwa joto la chini zaidi, au jibu lake husahihishwa, ili chakula kisihesabiwe kuwa maji. Mpimaji mwangalifu huendelea kukausha na kupima mpaka uzito usipungue tena, na hufanya kipimo zaidi ya kimoja ili kimoja kikague kingine.

Hapo huja jambo lililokwisha kuwakosanisha watu wengi. Unyevu waweza kutajwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kulinganisha maji na uzito wote wa mahindi: gramu 36 katika gramu 200, jibu ni 18 katika 100. Namna ya pili ni kulinganisha maji na maada kavu peke yake: gramu 36 kwa gramu 164, jibu ni karibu 22 katika 100. Mahindi ni yale yale, lakini muuzaji akitaja namna ya kwanza na mnunuzi akitaja ya pili, kila mmoja atamwona mwenzake mwongo. Katika biashara ya nafaka hutumika namna ya kwanza, na ndiyo iliyo katika viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kiwango hicho kinataka mahindi yanayouzwa yasizidi unyevu wa 13.5 katika 100, na sumukuvu yote kwa jumla isizidi sehemu 10 katika bilioni. Sehemu 10 katika bilioni ni sawa na gramu 1 ya sumu katika tani 100 za mahindi. Kwa mfano huo msikilizaji aweza kupima mwenyewe ukali wa adui huyu.

Ndugu wasikilizaji, yafikiriwe sasa mambo yanayoweza kutokea katika ghala la kambi yoyote. Mtunza ghala anapokea magunia 200 ya mahindi, kila moja lina kilo 100. Anatia sahihi ya kupokea tani 20. Hakuna aliyepima unyevu, lakini tuseme mahindi hayo yana unyevu wa 18. Miezi inapita, jua na hewa vinafanya kazi yao, na mahindi yanakauka mpaka kufikia 13.5. Siku moja mkaguzi anakuja, anapima magunia yote, na anakuta tani 18 na kilo 960. Kilo 1,040 hazipo, yaani magunia 10 na zaidi. Mtunza ghala anaulizwa yalikokwenda, naye hana jibu, kwa sababu hakuna aliyeiba. Maada kavu yote, tani 16 na kilo 400, ingali ghalani. Kilichopotea ni maji, lakini daftari halikuandika maji.

Mfano huo una upande wa pili, na askari wa polisi wanaopeleleza wizi wa mali ya umma watautambua haraka. Mwizi naye aweza kuchukua magunia 10, kisha akajitetea kwamba mahindi yamekauka. Ikiwa unyevu haukupimwa siku ya kupokea, mwaminifu hana kinga na mwizi ana pa kujificha. Ikiwa ulipimwa ukaandikwa, hesabu ya dakika mbili huwatenganisha. Uzito wa kupokea hutafutiwa maada kavu yake, na uzito wa siku ya ukaguzi hutafutiwa vivyo hivyo. Maada kavu haikauki. Ikipungua kidogo, huenda ni wadudu, panya au kupumua kwa punje, na dalili zake huonekana. Ikipungua sana huku mahindi yakiwa safi, basi kuna mkono wa mtu. Mnunuzi naye, awe mtu binafsi au shirika la umma, hujua kwamba akilipia mahindi yenye unyevu wa 18 kwa bei ya mahindi makavu, amelipia maji kwa bei ya chakula.

Yaweza kuulizwa: ni ghala gani lenye tanuri la maabara? Ni machache. Kwa kazi za kila siku kuna kipima unyevu, chombo kidogo kinachotumia umeme wa betri. Chombo hicho hakipimi maji kwa kuyaondoa. Hupima jinsi nafaka inavyopitisha au kuhifadhi umeme, kwa kuwa nafaka yenye maji na nafaka kavu hutofautiana katika jambo hilo. Kwa sababu hiyo lazima kiambiwe ni nafaka ya aina gani, kisitumike kwa mahindi yaliyotoka juani yangali na moto, na mara kwa mara majibu yake yalinganishwe na ya tanuri. Kipima unyevu kisichokaguliwa ni kama saa iliyokwenda kombo, ambayo humpoteza mwenye kuiamini.

Hata chombo kizuri hakimsaidii mtu aliyechukua sampuli mbaya. Muuzaji asiye mwaminifu hupanga magunia makavu mlangoni mwa lori na mabichi katikati. Kuvu nao hawaoti sawasawa. Gunia moja laweza kuwa safi na la jirani yake likawa na sumu nyingi. Hapana budi bambo lichomwe katika magunia mengi, ya juu, ya kati na ya chini, ya mbele na ya nyuma, na mahindi yatokayo yachanganywe vizuri ndipo sehemu yake ipimwe. Bambo likichomwa katika gunia moja la mlangoni, hupima mlango tu na si lori.

Kwa mkulima asiye na chombo chochote, ipo njia ya chumvi. Chupa ya kioo iliyo kavu kabisa hutiwa mahindi kiasi cha robo yake, kisha huongezwa vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri. Chupa hufungwa, hutikiswa kwa dakika moja, na kuachwa itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda katika kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya 15 na hayafai kuwekwa ghalani. Chumvi isipoganda, unyevu uko chini ya 15, na kazi iliyobaki ya kukausha ni ndogo. Wazee waliokuwa wakiuma punje na kusikiliza mlio wake walikuwa wakitafuta jambo hilo hilo. Chupa humsaidia hata asiye na meno ya wazee wala masikio yao.

Wanyama nao wamo katika hesabu hii. Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji kwa siku maada kavu kiasi cha kilo 12. Majani mabichi ya wakati wa mvua yaweza kuwa na maada kavu 20 tu katika 100, kwa hiyo ng'ombe huyo huhitaji kilo 60 za majani hayo. Akilishwa hei yenye maada kavu 85, kilo 14 hivi zamtosha. Mfugaji anayepima kwa mzigo wa kichwani bila kufikiri maji humwacha ng'ombe wake na njaa huku tumbo limejaa. Hei iliyofungwa na unyevu mwingi huota kuvu, na hata huweza kupata joto mpaka ikawaka moto yenyewe. Sileji nayo hupendeza ikiwa na maada kavu kati ya 30 na 35. Ikiwa na maji zaidi, utomvu wake wenye lishe humwagika, na ikiwa kavu zaidi haishindiliki, hewa ikabaki ndani na kuiharibu.

Tena, sumukuvu ilijulikana kwanza kupitia wanyama. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza, na uchunguzi ulifikisha watu kwenye mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu. Katika Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, mbwa wengi walikufa kwa chakula chenye sumu hiyo, jambo ambalo vikosi vinavyotunza mbwa wa polisi vyafaa kulikumbuka. Mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu huondoka pamoja na maganda. Hiyo ni nafuu kwa mlaji wa ugali, lakini maganda hayo ndiyo pumba, na pumba hupewa ng'ombe wa maziwa. Mwili wa ng'ombe huigeuza sumu hiyo, na sehemu yake hutokea tena ndani ya maziwa, kisha hunywewa na mtoto. Kwa hiyo mahindi yaliyokataliwa mezani yasidhaniwe kuwa ni halali zizini.

Hapa lazima litolewe onyo moja. Kipimo cha unyevu hakisemi kama sumu imo. Mahindi yaweza kuwa makavu leo, kumbe yaliota kuvu mwezi uliopita kabla ya kukaushwa. Mengine hupata sumu yangali shambani, hasa mwaka wa ukame, mmea unapodhoofika na wadudu kuitoboa punje. Kwa hiyo cheti cha unyevu na cheti cha sumukuvu ni vyeti viwili tofauti, na cha pili hutoka maabara. Lakini kipimo cha unyevu ndicho cha bei nafuu, ndicho cha haraka, na ndicho kinachotangulia. Kipimo cha sumukuvu humjulisha mtu hasara iliyokwisha kutokea. Kipimo cha unyevu humwonya wakati hasara ingali inazuilika.

Askari afanye nini? Mwenye dhamana ya ghala apime kabla ya kutia sahihi, na aandike unyevu kando ya uzito, shehena baada ya shehena. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta, ili hewa ipite, na yenye unyevu wa kuzidi yarudishwe au yatandazwe juu ya turubai, yasilazwe hata usiku mmoja pamoja na makavu. Vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa wanaolima mashamba makubwa wakumbuke kwamba kuvuna si mwisho wa kazi, na kwamba uwanja wa kuanikia ni sehemu ya shamba. Askari aliye kwenye kizuizi au kituo cha mpakani ajue kwamba lori la mahindi likizuiliwa siku tatu katika mvua bila sababu ya haki, mahindi yaliyofika salama yaweza kuondoka yakiwa mabovu. Kuharakisha lori lenye hati safi, na kutolipitisha kwa fadhila lile lisilo na hati, yote mawili ni ulinzi wa raia.

Mpaka wa Namanga una watu wa pande mbili wanaosalimiana kwa lugha moja na kula ugali wa aina moja. Wale 125 waliokufa mwaka 2004 na wale 20 waliokufa mwaka 2016 hawakuuawa na jirani. Waliuawa na maji yaliyoachwa ndani ya punje. Nchi zinazouziana chakula hazina budi kuaminiana, na imani hiyo haijengwi kwa maneno matamu ya mikutano wala kwa barua za ghafula za kufunga njia. Hujengwa na mizani iliyo sahihi, na bambo lililochomwa kila upande wa lori, na tarakimu ileile inayosomeka kwa muuzaji na kwa mnunuzi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wakisema juu ya akiba iliyotunzwa na mikono yenye uangalifu, iliyoanikwa juani, ikageuzwageuzwa, ikaumwa ikalia, ndipo ikapandishwa kihengeni. Akiba iliyowekwa mbichi huoza, na wakati mwingine huondoka na aliyeiweka.